Maswali ya Wasomaji: Njia ya Kuingia Fakulte ya Sheria kwa Aliyekwisha Kuanza Kwingine

Mwezi huu barua nyingi zilizofika hapa Lubumbashi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: nani anaweza kusoma sheria, aingilie wapi, na itamchukua miaka mingapi. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa sababu kosa linalotajwa ndani yake nimeliona likiwapotezea vijana miaka miwili au mitatu.

*Mheshimiwa Wakili, pokea salamu zangu. Nasoma mwaka wa pili katika uhusiano wa kimataifa. Niliingia huko kwa sababu kaka yangu, ambaye ndiye anayenilipia masomo, aliona fakulte ya sheria imejaa watu. Sasa moyo wangu wote uko kwenye sheria. Marafiki wananishauri nimalize lisansi yangu, kisha niingie masta ya sheria moja kwa moja. Wengine wanasema ni lazima nirudi mwaka wa kwanza. Binamu yangu aliye Marekani anasema kwao hakuna anayesoma sheria kabla ya kupata shahada nyingine. Nimsikilize nani? — Mwanafunzi wa Kampemba*

Mwanangu wa Kampemba, binamu yako anasema kweli, ila anasema ya kwao. Nchini Marekani kijana husoma kwanza shahada ya kawaida ya miaka 4, katika somo lolote apendalo, iwe historia, hesabu au muziki, kwa maana shule za sheria hazidai somo maalumu. Baada ya hapo hufanya mtihani uitwao LSAT, ambao alama zake huanzia 120 hadi 180, ingawa siku hizi shule nyingi hupokea pia mtihani wa GRE, kisha husoma sheria kwa miaka 3 na kupata shahada ya JD. Huko, mtu aliye mahali ulipo wewe leo yuko njiani tayari kuelekea shule ya sheria bila kubadili kitu.

Kwetu Kongo mambo hayaendi hivyo. Sisi tulirithi mpango wa Ubelgiji, ambamo sheria husomwa tangu siku ya kwanza ya chuo kikuu, mara tu baada ya diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari. Zamani ilikuwa miaka 3 ya graduwa, yaani diploma ya kwanza ya chuo kikuu, na miaka 2 ya lisansi. Leo, katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ambamo masomo hupimwa kwa kredi, ni lisansi ya miaka 3 yenye kredi 180, ikifuatwa na masta ya miaka 2 yenye kredi 120. Masta hiyo imejengwa juu ya masomo ya chini yake: sheria ya watu na familia, sheria ya mikataba na wajibu, sheria ya jinai, sheria ya katiba, taratibu za mahakama. Atakayeketi katika masta ya sheria bila kuyapitia hayo ni kama fundi anayepandisha ghorofa kwenye kiwanja kisichochimbwa msingi. Kwa hiyo marafiki wanaokuambia umalize uhusiano wa kimataifa kisha uruke hadi masta ya sheria, usijenge mpango wako juu ya neno lao. Na hata kama fakulte fulani ingekupokea hivyo, bado utaulizwa na chama cha mawakili, au na wanaoajiri mahakimu, kama diploma zako ni za sheria.

Ukweli basi uko kwa wale wanaosema urudi mwaka wa kwanza, lakini hata wao hawajasema yote. Kurudi mwanzo hakumaanishi kwamba kila ulichosoma kimekufa. Katika mfumo wa kredi, somo ulilofaulu linaweza kuombewa kutambuliwa, na wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa kwa kawaida husoma utangulizi wa sheria, sheria ya katiba na sheria ya kimataifa, ambayo ni masomo ya fakulte ya sheria pia. Uamuzi ni wa fakulte inayokupokea, si wako wala wangu. Ndiyo maana nakusihi ufanye mambo mawili kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba umeacha. Kwanza, maliza mwaka huu na uumalize vizuri, kwa sababu kredi iliyofaulu ina kitu cha kuombewa, ilhali mwaka ulioachwa katikati hauna. Pili, nenda kwenye ofisi ya dekano, mkuu wa fakulte ya sheria, ukiwa na karatasi zako za pointi za miaka yote miwili pamoja na maelezo ya yaliyomo katika kila somo na idadi ya saa zake, uache barua ya maombi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Jibu la mdomo la karani aliye mlangoni, hata akiwa mtu mwema kiasi gani, si jibu.

Liko neno moja ambalo naomba ulisome mara mbili, nalo ni neno «lisansi». Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inayopanga chama cha mawakili, na sheria ya tarehe 10 Oktoba 2006 kuhusu mahakimu, zote ziliandikwa wakati ambapo lisansi ya sheria ilikuwa tunda la miaka 5. Leo diploma yenye jina hilohilo hupatikana baada ya miaka 3. Jina limebaki, uzito umebadilika, na wako vijana wanaofurahia lisansi yao mpya wakidhani tayari wanaweza kuvaa joho. Wewe hesabu miaka, usihesabu majina: panga safari ya miaka 5, lisansi na masta, na uliza sekretarieti ya chama cha mawakili mapema, si siku ya kupeleka faili.

Tufanye hesabu hiyo pamoja, kwa sababu kaka yako ataiuliza. Ukianza upya mwakani, ni miaka 5 ya masomo, ikipungua mzigo kidogo kama kredi kadhaa zitatambuliwa. Ukitaka kuwa wakili, unakula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa, kisha unafanya mafunzo ya kazi ya miaka 2 chini ya wakili mzoefu. Jumla ni miaka 7. Ukitaka kuwa hakimu, sheria inadai uwe na umri usiopungua miaka 21 na usiozidi 40, na kuajiriwa ni kwa mashindano yanayofunguliwa na Baraza Kuu la Mahakimu, ambayo hayafanyiki kila mwaka. Iko pia kazi ya mtetezi wa mahakama, anayesimamia kesi bila kuwa wakili kamili, nayo tangu zamani ilifunguliwa kwa mwenye graduwa ya sheria. Na hapa Katanga wako wanasheria wasiovaa joho kabisa: wanaofanya kazi katika kampuni za madini, ambako Kanuni ya Madini ya 2002 iliyorekebishwa 2018 inafunguliwa kila siku, au katika benki na biashara, ambako tangu tarehe 12 Septemba 2012 tunafuata sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Nakutajia yote haya kwa sababu mtu anayetaka kazi ya ubalozi au ya mashirika ya kimataifa huenda hahitaji kuhama hata kidogo. Lisansi yako ya sasa inakupeleka huko. Lakini anayetaka kusimama barazani na kumtetea mtu hana njia nyingine isipokuwa fakulte ya sheria.

Sasa niruhusu nikuonyeshe kazi yenyewe, kwa sababu katika barua yako umetaja moyo, nami naheshimu moyo. Juma lililopita mama mmoja aliingia ofisini kwangu na mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya kununua kiwanja, yenye sahihi za mashahidi wanne na muhuri wa kata, iliyokunjwa mara nyingi hata wino ukafutika kwenye mikunjo. Jirani yake naye alikuwa na hati ya uandikishaji ya kiwanja kilekile. Mama aliamini kwamba mashahidi wanne wanashinda karatasi moja. Ilinibidi nifungue mbele yake sheria ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema kwamba ardhi ni mali ya Serikali peke yake, kwamba haki ya mtu kukitumia kiwanja huthibitishwa na hati ya uandikishaji tu, na kwamba hati hiyo ikipita miaka 2 haiwezi kushambuliwa tena. Kisha nikatafuta tarehe kwenye hati ya jirani, nikahesabu miezi kwa vidole naye akinitazama. Ilikuwa imebaki miezi mitano. Hapo ndipo kesi yake ilipopata uhai.

Angalia kilichohitajika: kusoma Kifaransa cha sheria neno kwa neno, kutambua neno «tu» lilipo, kuhesabu muda, halafu kumweleza mama yote hayo kwa Kiswahili asiondoke amechanganyikiwa. Katika fakulte utasoma amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo ina umri mkubwa kuliko mji wetu na bado inahukumu mauzo ya leo. Kama unaweza kukaa saa mbili na vifungu kumi vya namna hiyo, ukavisoma na kuvieleza kwa maneno yako bila kuchoka, basi hamu yako ya sheria ni ya kweli. Jaribu jambo hilo jioni moja kabla ya kuandika barua kwa dekano. Kwa kaka yako, usimpelekee uamuzi uliokwisha kufanywa. Mpelekee hesabu ya miaka na gharama, maana yeye ndiye anayebeba mzigo, na ana haki ya kuuona kabla haujawekwa begani.

*Shikamoo Baba Wakili. Nimepata diploma ya Serikali mwaka huu. Baba yangu anafanya biashara Kasumbalesa na anataka nikasome sheria Zambia ili nijue Kiingereza. Mimi naogopa kwamba nikirudi sitaweza kufanya kazi hapa. — Binti wa Katuba*

Marahaba, binti yangu. Hofu yako ina msingi, ingawa baba yako naye hakukosea kupenda ujue Kiingereza. Zambia ilirithi sheria ya Kiingereza, ambamo hukumu za zamani za majaji zina nguvu ya sheria na mwanafunzi hujifunza kutafuta kesi inayofanana na yake. Sisi tunafuata kanuni zilizoandikwa, na mwanafunzi wetu huanza na kifungu kabla ya kutafuta kesi. Ukimaliza shahada ya sheria Zambia, ili uwe wakili huko utapaswa kupita katika taasisi yao iitwayo ZIALE na kufaulu mitihani yake, ambayo inajulikana kwa ugumu. Na ukirudi hapa utaomba diploma yako itambuliwe na wizara ya masomo ya juu, na hata ikitambuliwa utakuwa mgeni wa kanuni zetu za familia, za ardhi na za jinai.

Kwa hiyo swali la kumuuliza baba ni kama anataka uishi na kufanya kazi upande ule wa mpaka au upande huu. Kama ni huku, somea sheria hapa, kisha tafuta Kiingereza kwa njia nyingine: kozi za jioni, au shahada ya ziada nje baada ya masta. Njia hiyo ya pili ndiyo ambayo wanasheria wengi wa nchi zetu huifuata. Hata Marekani, aliyekwisha kusoma sheria kwao huweza kufanya shahada ya LLM, yaani masta ya sheria, ya mwaka 1 bila kuanza upya. Mwanasheria anayejua kanuni za Kongo na kuzungumza Kiingereza atatafutwa sana na wafanyabiashara wa Kasumbalesa, na baba yako atalielewa hilo upesi kuliko mimi.

*Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 36 na watoto watatu. Nilisoma miaka miwili ya chuo nikaacha. Tangu utoto nilitamani kuwa hakimu. Je, nimechelewa? — Mwalimu wa Ruashi*

Mwalimu, nakujibu kwa heshima na bila kukuficha. Kwa uhakimu, ndiyo, muda umepita: miaka 5 ya masomo itakufikisha miaka 41, na sheria inaweka kikomo katika 40. Imeniuma kuandika sentensi hiyo, lakini ingeniuma zaidi kuona umelipa ada za miaka mitano ndipo uambiwe.

Kikomo hicho, hata hivyo, ni cha mahakimu. Kwa uwakili kizuizi chako hakitakuwa umri bali mshahara, kwa maana wakili hatakiwi kuwa mwajiriwa wa Serikali kwa wakati uleule, na miaka ya mwanzo ya mafunzo ya kazi mara nyingi hailipi hata nauli ya kufika mahakamani. Ukiwa na watoto watatu, hilo lazima lizungumzwe nyumbani. Kabla ya yote, rudi kwenye chuo ulichoacha, uombe karatasi za pointi za ile miaka miwili, maana husemi ulisoma nini. Kama ilikuwa sheria, hesabu yote niliyokufanyia hapo juu inaweza kubadilika, hata ile ya umri. Niandikie tena ukishazipata, nami nitakujibu kwa barua bila kungoja toleo lijalo.