Helmeti ya siku yako ya kwanza ya traki: anza na kichwa chako

Watu wakijiandaa kupeleka gari lao traki, yaani uwanja wa mbio za magari, kwa mara ya kwanza swali huwa ni lile lile, ninunue helmeti ya kampuni gani. Mi huwa nawauliza, kwani kichwa umeshakipima? Chukua tepu ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya nyusi afu ipite kisogoni pale palipotokeza zaidi, hiyo namba ndo unaenda nayo kwenye jedwali la saizi la kampuni husika, manake M ya huyu sio M ya yule.

Ila namba peke yake haitoshi. Kuna vichwa vya duara na kuna virefu kwenda nyuma, changu kirefu, kwa hiyo helmeti nyingi zinanibana kwenye paji la uso huku pembeni zinapwaya, na hapo kwenye paji ndo penye shida, dakika za mwanzo unaona poa tu, baadae kichwa kinagonga hadi unawaza lini utaivua badala ya kuwaza kona inayokuja. Ndo maana dukani naivaa na kukaa nayo dakika 20 hivi, muuzaji anikodolee macho tu hamna shida. Nikiivua najiangalia kwenye kioo, nikiona alama nyekundu imekaa sehemu moja tu nairudisha. Mashavu yakibanwa mpaka unaongea kama mtu mwenye chakula mdomoni usiogope, sponji za mashavu zinalegea kadri unavyoivaa. Funga mkanda wa kidevu, shika kwa nyuma pale chini uisukume ije mbele, ikitoka basi ni kubwa, we chukua ndogo yake.

Ndani kuna stika. Za magari zimeandikwa Snell SA, mfano SA2020 (Snell ni taasisi inayopima usalama wa helmeti), hizi zimepimwa na moto pamoja na kugongwa kwenye vyuma kama vile vya kukinga gari likipinduka. Zenye M kwenye stika hiyo (sio ile M ya saizi) ni za pikipiki, moto hazijapimwa, waandaaji wengine wanazikubali na wengine hawataki hata kuziona, so soma masharti yao kabla hujatoa hela. Na ya mtumba hapana jamani, lile povu gumu la ndani likishaminywa na ajali halirudi, nje utaikuta inang'aa vizuri tu.

Afu kaa nayo ndani ya gari lako, siti ikiwa pale unapoendeshea! Helmeti inakuongezea urefu, kama gari lina dirisha la paani unaweza kukuta kichwa kinagusa juu, bora ushushe siti mapema kuliko asubuhi ya siku yenyewe.

Nguo wala usijitese, suti ya kukinga moto kwa siku ya kwanza mara nyingi haidaiwi. Vaa pamba, mikono mirefu na suruali ndefu, nailoni na polista zikipata moto zinayeyukia kwenye ngozi. Viatu soli iwe nyembamba, raba za kukimbilia zenye soli pana utakanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Glavu ukipenda. Ila balaklava nyembamba, kile kitambaa cha kufunika kichwa kinachovaliwa ndani ya helmeti, mi siachi, jasho linaishia pale badala ya kulowesha sponji, na ukitoka raundi ya kwanza unavaa nyingine kavu.

Ukipumzika weka helmeti kwenye siti au chini kabisa, sio juu ya paa la gari, upepo ukipita inabiringika.