Theluji mpya haina haraka na wewe

Kilima kile nilikuwa nimekipanda mara mbili wakati wa kiangazi, saa mbili na nusu tu hadi kileleni. Safari hii theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, nikajiambia nitaongeza nusu saa. Saa mbili na nusu zilipotimia hatukuwa hata nusu ya njia, nami natiririka jasho kama niliyetoka kupasua kuni.

Theluji mpya ikifika magotini haitembewi, inachimbwa. Unakanyaga, inakushikilia kidogo, unapata tumaini, kisha unazama. Anayetangulia ndiye anayeumia, wengine wanapita kwenye mashimo yake. Basi pokezaneni kila baada ya dakika chache, hata kama yupo anayejiona ana kifua. Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892, ya kukadiria muda wa safari ya mlimani, inahesabu saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenye theluji ya namna hii mimi naizidisha mara mbili. Na saa ya kugeuka ipangeni kabla hamjafunga kamba za buti, maana ukishakiona kilele akili yote inahamia huko. Sisi tuligeuka saa saba mchana, kilele kile pale. Niliumia moyoni, sifichi. Lakini giza lilitukuta tumebakiza hatua chache kufika barabarani.

Kosa langu la pili lilikuwa nguo. Nilianza nimejifunika gubigubi, na ndani kabisa fulana ya pamba. Tuliposimama kunywa chai, ile fulana iliyolowa jasho ilinigandia mgongoni, meno yakaanza kugongana. Pamba ikilowa haikupi joto tena. Vaa sufu ndani, anza safari ukisikia baridi kidogo, na jaketi zito livae mara tu mnaposimama. Usisubiri mpaka utetemeke.

Halafu glavu. Nilivua moja nikaze kamba, nikaiweka juu ya theluji. Upepo ukaisukuma, ikaserereka mteremkoni taratibu kabisa, nami naitazama tu. Mkono ule ulirudi nyumbani umevaa soksi. Beba jozi ya akiba.

Chupa ya maji iweke kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu, na mdomo wa chupa hautaziba. Simu ikae ndani karibu na mwili, baridi inamaliza betri upesi.

Nilidhani nyayo zetu zingeturudisha. Upepo ulikuwa umeshazifuta! Chukua ramani na dira, na ujue kuzisoma kabla ya siku hiyo. Hatari kubwa zaidi ni maporomoko ya theluji, ambayo mara nyingi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, hasa upande ambao upepo umerundika theluji. Soma taarifa ya hali ya theluji asubuhi, na kwa mara ya kwanza chagua kilima chenye mgongo mpana na mteremko mpole. Shoka la barafu, lile la kujishikizia mteremkoni, kama hujafundishwa kulitumia ni mzigo tu. Ukifika mahali linapohitajika, geuka.

Wiki tatu baadaye tulirudi na mtu mzoefu, theluji imeshikamana, tukafika kileleni kwa saa tatu. Ile glavu hatukuiona.