Maswali ya Wasomaji: Lifti ni nzima, foleni inatoka wapi?

SWALI: Jengo letu lina ghorofa kumi juu ya ile ya chini, wafanyakazi 600 na lifti tatu za watu 13 kila moja. Kazi huanza saa mbili asubuhi, na dakika chache kabla ya hapo foleni inafika mlango wa nje. Fundi amekagua, hakuna kasoro. Tufunge mota za kasi zaidi?
*Msimamizi wa jengo*

JIBU: Hapana, hizo fedha ziacheni kwanza. Lifti iliyoandikwa watu 13 asubuhi huondoka na kumi hivi, maana kuna mabegi na hakuna anayependa kubanwa. Hao kumi wakitawanyika sawasawa kwenye ghorofa kumi, hesabu ya uwezekano inatoa wastani wa vituo 6.5 kwa safari moja. Kila kituo kinakula kama sekunde 9: kupunguza mwendo, mlango kufunguka, kusubiri, kufunga, kuondoka tena. Weka na sekunde moja kwa kila anayeingia, moja kwa kila anayetoka, kisha mwendo wenyewe wa kupanda na kurudi kwa mita 1.6 kwa sekunde. Mzunguko unakaribia sekunde 130. Kwa hiyo lifti moja inapandisha watu 23 hivi kwa dakika tano, zote tatu 69.

Hiyo ni asilimia 11.5 ya wafanyakazi wenu, kiwango kinachofaa jengo la kampuni nyingi zenye saa tofauti za kuingia. Nyinyi mnaingia kwa mkupuo. Wakifika 120 ndani ya dakika tano, 51 wanabaki chini, na dakika tano zinazofuata zinaanza na deni hilo.

Kuhusu kasi: mota ya mita 2.5 kwa sekunde, kwa uongezaji mwendo wa kawaida usiowayumbisha abiria, inahitaji mita 3 na ushei kufikia kasi hiyo na nyingine kama hizo kusimama. Sakafu hadi sakafu ni mita 3.5 tu. Lifti inayosimama karibu kila ghorofa haitaifikia kasi mliyoilipia.

Dawa ya kwanza ni kutenganisha saa za idara kuingia, hata kwa robo saa. Ya pili iko mlangoni. Mwombeni fundi apime mlango unakaa wazi sekunde ngapi. Kila sekunde anayopunguza inaokoa saba kwa mzunguko. Aangalie pia mfereji wa kizingiti na macho ya mlango: uchafu hapo huufanya mlango urudi nyuma bila mtu, na fundi anayekagua mota peke yake hataliona hilo. Kugawa lifti, nyingine ghorofa 1 hadi 5 na nyingine 6 hadi 10, hushusha vituo kutoka 6.5 hadi 4.5. Ila kwa lifti tatu, upande mmoja utabaki na lifti moja, na siku ikiharibika nusu ya jengo inapanda ngazi.

SWALI: Nikibonyeza vitufe vyote viwili, cha juu na cha chini, lifti haiji upesi zaidi?
*Mwenye haraka*

JIBU: Huenda ikaja mapema, lakini inaelekea usikokwenda. Ukiingia, utazungushwa, usipoingia, umewasimamisha waliomo bure. Na ile ya upande wako ikifika baada ya wewe kuondoka, itafungua mlango kwa ukumbi mtupu. Kubonyeza tena kitufe kilichokwisha kuwaka hakubadilishi kitu.

SWALI: Tumefungiwa mfumo mpya: unachagua ghorofa ukiwa nje, unaambiwa uende lifti gani. Tukiwa sita, mmoja anabonyeza kwa niaba ya wote. Mbona lifti zinajaa kuliko zamani?
*Karani, ghorofa ya tisa*

JIBU: Kwa sababu mfumo umehesabu mtu mmoja. Unakusanya wanaokwenda ghorofa moja au zinazokaribiana ili vituo vipungue, na nafasi unaigawa kwa idadi ya mibonyezo. Sita mkiingia kwa mbonyezo mmoja, watano mnakalia nafasi za wengine, na kengele ya uzito inalia. Kosa la upande wa pili ni mtu mmoja kubonyeza mara nne kwa kukosa subira. Huyo anatengewa nafasi nne na lifti inaondoka nusu tupu. Kila mmoja abonyeze mara moja, asome herufi ya lifti yake, asimame mbele yake. Na usidandie lifti ya jirani kwa kuwa imefunguka kwanza: ndani hakuna vitufe vya ghorofa, na huenda isisimame ya tisa kabisa.