Mwanangu, kuhusu mbwa unayetaka kumchukua

Usa River, Arusha

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba mama. Huku sote ni wazima. Baba yako yuko shambani tangu asubuhi, anapalilia migomba kabla mvua haijashika.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mwenzako wa wodini ana mbwa aliyezaa, watoto sasa wana wiki tano na wanakula wenyewe, na amekuwekea dume mwekundu mwenye miguu myeupe. Unamtaka, ila rota yako inakutia wasiwasi: wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni, halafu naiti mfululizo, na off zenyewe hazitabiriki. Ukaniuliza, "Mama, mtu wa kazi kama yangu akifuga mbwa si atamtesa tu?"

Unaweza kufuga, mama. Katika kazi ya mifugo nimekutana na walinzi, madereva wa watalii na wauguzi wenzako wenye mbwa wazuri, wanene, wasio na makuu. Ila huyo wa wiki tano usimchukue. Na usichukue mbwa yeyote, mkubwa wala mdogo, kabla hujapata mtu wa pili wa kumtunza pamoja nawe.

Nianze na huyo mdogo. Kula mwenyewe hakumaanishi yuko tayari kuondoka. Mtoto wa mbwa hukaa na mama yake na ndugu zake mpaka afikishe angalau wiki nane, na hizo wiki tatu zilizobaki ndizo anazojifunzia kwamba meno yanaumiza. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu analia na mchezo unaisha. Akimbana mama yake, mama anamgeukia. Aliyeondolewa mapema hulipata somo hilo kwenye mikono yako, au kwenye mguu wa mtoto wa mwenye nyumba. Mwombe mwenzako avumilie, asiwagawe sasa, hata kama wanammalizia unga.

Hata akifika wiki nane bado hakufai wewe kwa rota hiyo. Mtoto wa miezi miwili hubana mkojo saa mbili, tatu hivi. Naiti yako ni saa kumi na mbili, na bado hujahesabu kusubiri daladala asubuhi. Kwa umri huo anakula mara tatu au nne kwa siku. Ukimfungia chumbani atajikojolea, atalala juu ya mkojo wake, atalia mpaka apoteze sauti, na wapangaji wenzako watakuwa wanasikia yote.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Kuanzia kama wiki ya tatu hadi karibu ya kumi na nne ndipo mtoto wa mbwa anapoizoea dunia: bodaboda, wanafunzi wanaopiga kelele, mtu mwenye mwavuli, mwanamume mwenye kofia na fimbo. Asichokizoea wakati huo hukiogopa ukubwani, na kuumwa kwingi kunatoka kwa mbwa mwoga. Wiki hizo hizo chanjo zake hazijakamilika, kwa hiyo huwezi kumwachia njiani ovyo. Kirusi cha pavo hukaa kwenye udongo miezi mingi na huua watoto wa mbwa kwa kuhara damu na kutapika. Kwa hiyo anahitaji mtu wa kumbeba, kumwonyesha watu na kumrudisha ndani, kila siku, mchana. Mchana huo wewe ama uko kazini ama umelala, na una haki ya kulala.

Ndiyo maana nakushauri uchukue mbwa mzima, wa miaka miwili kwenda juu. Anabana mkojo saa sita hadi nane bila shida. Anakula mara mbili. Analala nusu ya siku au zaidi, na hajali unalala usiku au mchana. Ukirudi kutoka naiti, ukamtoa kidogo, ukampa chakula, mtalala wote mpaka saa nane. Na zaidi ya yote, tabia yake ipo tayari unaiona. Ya mtoto unaikisia tu.

Kuna mmoja hapa nimemfikiria. Yule mwalimu wa jirani amehamishiwa Dodoma na hawezi kwenda na mbwa wake. Ni jike wa kienyeji, kahawia, ana kama miaka mitatu. Nilikwenda kumwangalia jana, na nakueleza nilivyofanya ili siku nyingine ujue kuangalia mwenyewe. Sikumfuata. Nilikaa kwenye kigoda uani nikamwacha. Alinizunguka kwa mbali, akanusa sketi, akaja mkia ukiwa chini lakini unatikisika, halafu akakaa karibu na mguu wangu. Nilipanua mdomo wake nikatazama fizi: za waridi, zenye afya. Fizi zikiwa nyeupe, damu imepungua, na huku kwetu mara nyingi chanzo ni kupe au minyoo. Nikageuza masikio ndani, nikapanua vidole vya miguu kimoja kimoja, maana kupe hupenda kujificha pale. Nikamtoa mmoja tu. Nikamwekea chakula, akiwa anakula nikasogeza bakuli kwa fimbo ndefu. Alinyanyua kichwa, akanitazama, akaendelea kula. Kisha mtoto wa mwalimu akaokota ufagio kufagia, nami namwangalia mbwa: hakunywea wala hakukimbia. Mbwa anayenywea akiona ufagio huenda amepigwa nao. Huyu haonekani kuwa amepigwa.

Sasa mtu wa pili. Hapa ndipo palipo na jibu la swali lako. Mbwa anateseka na zamu zako pale tu unapokuwa wewe peke yako katika dunia yake. Saa kubadilika hakumsumbui sana kama mambo yanakuja kwa mpangilio ule ule: umeamka, umemtoa, umempa chakula, umevaa sare, umetoka. Akishaujua mfuatano huo haulizi ni saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Kinachomvunja ni kukaa na kiu kwa sababu zamu imeongezwa na hakuna mwenye ufunguo.

Mtu huyo asiwe wa "utanitupia jicho kidogo." Mnakubaliana kabisa. Kijana wa form three wa nyumba ya pili anafaa, au yule mama anayeuza mboga getini kwenu ambaye yuko pale siku nzima. Mlipe kila mwezi, hata kama ni kidogo, na mlipe kwa wakati. Mbwa amzoee mkiwa pamoja nyote watatu, si siku ya kwanza ya naiti. Mwonyeshe chakula kilipo, kipimo chake, mahali pa maji, na mpe rota yako kila inapotoka. Ukibadilishana zamu na mwenzako, mjulishe yeye kabla hujanijulisha mimi.

Mwenye nyumba naye umwombe ruhusa mwanzoni, na ukimpata akiwa na mkewe ni vizuri zaidi. Jirani yako wa upande wa kulia ni Mwislamu, na mate ya mbwa kwake ni jambo zito. Nenda umwambie mwenyewe, kwa heshima, kwamba mbwa hatafika kwenye vyombo vyake wala nguo alizoanika, halafu hakikisha hafiki. Ujirani wenu ni mzuri, usiuweke rehani.

Unasema pia unamtaka kwa usalama, kwamba ukitoka zamu ya jioni ile njia ya kuingia kwenu ina giza. Nakuelewa, na mimi silali mpaka niuone ujumbe wako wa "nimefika." Mbwa atakusaidia ukiwa nyumbani. Ila tafadhali usifuge kama wanavyofuga wengi hapa kwetu, mbwa kafungwa mnyororo mchana kutwa nyuma ya jiko, anafunguliwa usiku ili awe mkali. Mnyororo humfanya mbwa awe na hasira na hofu, na akifunguliwa hachagui mwizi na mgeni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, na inamtaka mwenye mnyama amtunze ipasavyo. Lakini hata isingekuwepo, mimi nisingekubali mwanangu afuge hivyo. Uani kwenu kuna ukuta na geti. Afungiwe geti, awe huru ndani. Na banda lake lisiwe la mabati. Huko Moshi unakokaa kuna joto kuliko huku kwetu, na Januari mabati yanachoma. Weka mbao, nyanyua sakafu kidogo kutoka ardhini, lipeleke chini ya ule mwembe.

Chakula si kazi kubwa. Chemsha dagaa au mapupu, songa dona laini, gawanya kwenye vyombo, weka kwenye friji vya siku mbili tatu, na yule mtu wa pili anachota tu. Usimpe mabaki ya mchuzi wenye vitunguu. Vitunguu, vibichi na vilivyopikwa, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, tupa. Na matumbo mabichi kutoka machinjioni usiruhusu kabisa: yanaweza kuwa na malengelenge ya tegu, mbwa akiyala tegu anakua tumboni mwake, na mayai yakifika kwa mtu yanaota uvimbe kwenye ini au mapafu. Wewe ni muuguzi, hilo unalijua kwa jina lake la kitabuni. Dawa ya minyoo apewe kila miezi mitatu.

Kwenye chanjo nakuomba usinichoke. Kichaa cha mbwa wewe unakijua kutoka upande wa kitanda. Mimi nimekijua kutoka upande wa vijijini, tulipokuwa tunaweka meza chini ya mti na watoto wanakuja wakivuta mbwa kwa kamba za katani, wengine wamewabeba mgongoni. Nilikuwa nawaambia wazazi jambo lile lile: ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na karibu kila mara unaletwa na mbwa. Wataalamu wanasema tukiweza kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Mbwa wako mmoja yumo ndani ya hiyo asilimia. Mwalimu anasema huyu jike amechanjwa. Mimi nimemwomba cheti, hakionekani. Kwa hiyo hesabu kwamba hajachanjwa. Mpeleke ofisi ya mifugo wiki ya kwanza, apate ya kichaa na ile ya mchanganyiko yenye pavo na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa, kisha mtunzie kadi na urudie kila mwaka. Distempa nayo usiidharau. Mwaka 1994 iliingia Serengeti ikaua karibu theluthi ya simba wa kule, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi ndio walioshukiwa kuwa chanzo.

Akimuuma mtu, hata mkwaruzo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo. Mfundishe na yule kijana. Usidhani anajua.

Dawa ya kupe nunua ya mbwa, umpake au umwogeshe kwa kipimo kilichoandikwa. Ile ya kuogeshea ng'ombe watu huichanganya kwa kukisia na mbwa wanakufa nayo. Na kwa kuwa ni jike, mfunge kizazi mapema. Anapata joto kama mara mbili kwa mwaka, anabeba mimba kwa siku 63 hivi, na usipoangalia mwakani wewe ndiye utakuwa unawagawia wenzako wodini watoto wa wiki tano.

Gharama sitakuandikia, bei za Moshi unazijua kuliko mimi. Ila kabla hujaamua jua kwamba mbwa akitunzwa anaishi miaka kumi, hata kumi na tatu. Ukihamishwa kituo, ukiolewa, ukienda kusoma, yupo. Kama moyoni unaona hilo haliwezekani kwa sasa, niambie tu, sitakuona mbaya, na mimi nitamtafutia huyu jike nyumba nyingine hapa hapa Usa.

Kama bado unataka, fanya hivi. Zungumza na mwenye nyumba wiki hii, zungumza na jirani yako, kisha mtafute huyo kijana au yule mama wa mboga na mwafikiane malipo. Ukishapata majibu ya wote watatu, nitumie ujumbe. Off yako ya kwanza panda basi uje asubuhi, ushinde na mbwa kutwa nzima kwa mwalimu, umlishe mwenyewe, umtembeze mpaka barabara ya lami na kurudi. Usimchukue siku hiyo. Mwalimu anaondoka mwisho wa mwezi, kwa hiyo una nafasi ya kuja tena. Mara ya pili baba yako atawapeleka Moshi kwa gari la mjomba wako, maana kwenye daladala hawatamkubali, na uombe off mbili zifuatane ili usimwache peke yake usiku wa kwanza.

Baba yako anakusalimu. Anauliza kama viatu vya kazini bado vinakubana.

Mama yako