Springi ulizokata, zirudishe

Maswali ya gereji yamejaa mezani mwezi huu. Hii ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu naona kuna vijana wengi wako njia hiyo hiyo.

Swali: Shikamoo fundi. Mi niko nje kidogo ya Babati, babu alituachia Corolla DX, ile KE70 ya injini ya 4K, imekaa juu ya mawe miaka kama sita ila injini inawaka vizuri tu. Shemeji ana shamba la heka 4, mahindi yakishavunwa tunataka tuchonge njia ya vumbi tuwe tunacheza wikendi, sio mashindano, ni sisi wenyewe na washkaji. Nimeshaanza kazi, nimekata springi pingili moja na nusu kila kona ili gari ikae chini isije ikapinduka, na fundi wa hapa mtaani anasema nimpelekee difu aichomelee ili tairi zote mbili za nyuma zisukume. Nimebakiwa na laki saba. Nianzie wapi?
*Msomaji, Babati*

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole na babu. Anzia hapo hapo ulipoharibu, kwenye springi.

Najua umeona magari ya mjini yamelala chini ukaona ndo mambo yenyewe, lakini lami ni meza na shamba la mahindi sio meza. Kwenye vumbi tairi inatakiwa ishuke shimoni na ipande tuta huku bodi imetulia, na springi uliyokata imekuwa fupi na hapo hapo imekuwa ngumu, maana pingili zikipungua kila iliyobaki inabeba zaidi, kwa hiyo gari inagonga raba za chini kila mahali, tairi inaruka, na tairi iliyoko hewani haikati kona wala haifungi breki. Afu kuna ubaya mwingine watu hawausemi, gari ikiruka kidogo springi fupi inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Kuhusu kupinduka, kwenye vumbi gari nyingi zinapinduka pale zinapokwenda ubavu ubavu tairi ikakutana na kitu, mtaro, tuta gumu, kisiki. Hicho unakitibu kwa kusafisha kingo za njia.

Katafute picha za Safari Rally za zamani. Joginder Singh alishinda 1974 na 1976 na Lancer ambayo nyuma ilikuwa na springi za majani kama pikapu, Shekhar Mehta akachukua miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na Datsun ya kusukuma nyuma kama hiyo yako. Angalia zile gari zilivyokaa juu. Wale watu hawakuwa wajinga.

Kwa hiyo nenda kwa wauza spea za mtumba utafute springi nzima za KE70, na ukitaka inyanyuke zaidi ya ilivyotoka kiwandani weka spesa, kile kipande cha kuinua springi, ya kama sentimita 3 basi, usiende juu kupita hapo. Ukishamaliza nyanyua gari tairi zote zining'inie, ingia chini uangalie hosi za breki kama hazijakaza, maana nimeona mtu kainua gari vizuri kabisa afu hosi ikakatika siku ya kwanza. Shokapu nunua mpya, hapo usifanye ubahili. Nyuma una mikono minne inayoshika ekseli pamoja na ile fimbo ndefu inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia, badilisha bushi zote, kwa gari iliyolala miaka sita zitakuwa zimekufa, na bushi zikifa nyuma inakuwa na akili yake, we unakata kona yenyewe inaamua.

Tairi chukua nyembamba zenye vitofali vikubwa. Pana zinaelea juu ya vumbi laini, nyembamba inachimba mpaka ikute udongo mgumu wa chini na mshiko uko huko. Upepo anza na psi 26, pima kila mkitoka kupumzika.

Difu sasa, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa tairi. Fundi wako hajakudanganya, difu ya kawaida tairi ya ndani ya kona ikipoteza mshiko nguvu yote inakimbilia huko inazungusha vumbi tu, ukichomelea zote mbili zinasukuma sawa. Ila subiri. Difu iliyochomelewa inataka gari iende mbele moja kwa moja, ukiingia kona taratibu pua inakataa, lazima nyuma uitelezeshe kwa kukanyaga mafuta ndo igeuke, na dereva anayejifunza hapo anajifunza ujinga. Kaeni na difu ya kawaida mpaka mjue gari inafanya nini na kwa nini, 4K ina cc 1290, haitawashinda. Ukija kuchomelea, meno yaoshwe mafuta yote kabla, na baada ya kuchomelea takataka za weldi zitolewe zote kabla ya kuweka oili mpya ya difu. Na gari hiyo isirudi barabarani tena, kwenye lami kila kona hafushafti, zile fimbo zinazozungusha tairi, zinasokotwa.

Laki saba haitoshi kila kitu, nakwambia ukweli. Ningekuwa mimi, springi, bushi, shokapu za mbele, breki zote zifunguliwe na silinda zake zibadilishwe raba, na kinachobaki naanza kuweka akiba ya keji, ile fremu ya paipu ndani ya gari inayokulinda ikipinduka, na mikanda. Mpaka keji ipatikane gari isiende mchezo wa kuteleza, mtengeneze njia kwanza.

Na keji usichomelee kwa bomba la maji! Hili naliandika kila mwaka. Bomba la maji lina mshono, likikunjwa linafunguka hapo hapo, na ile rangi ya zinki ukiichoma na kuvuta moshi wake unaumwa homa usiku kucha. Niliwahi kusaidia kumtoa jamaa kwenye gari ya keji ya bomba la maji, alipinduka taratibu sana, spidi ya baiskeli, na ule upinde wa juu ulikuwa umelala kama ndizi. Tafuta paipu isiyo na mshono, ule upinde mkuu nyuma ya kiti kipenyo milimita 45 na unene 2.5, nyingine zinaweza kuwa 38 kwa 2.5. Miguu yake isikae kwenye bati tupu, weka sahani ya chuma ya milimita 3 yenye eneo la sentimita 120 za mraba chini ya kila mguu. Mikanda ya mabega ikitoka begani kwenda nyuma isishuke zaidi ya nyuzi 45, ukiifunga sakafuni nyuma ya kiti siku ya ajali inakukandamiza uti wa mgongo.

Swichi ya kuzima gari nayo watu wanakosea. Wanakata betri tu, wakati injini ikiwa inazunguka altaneta inaendelea kulisha plagi, gari haizimi. Swichi ikate betri na ikate moto wa koili kwa pamoja, na iwe mahali mtu wa nje anaifikia.

Njia yenyewe ifanyeni pana, mita 8 mpaka 10, gari moja moja. Mwagieni maji asubuhi, mkimaliza burutieni kipande cha reli au boriti nyuma ya trekta kufukia mitaro. Kama ni udongo mweusi wa mbuga, msithubutu masika. Msizike tairi za trekta kwenye kona kama alama, ndo hizo hizo zinazopindua. Na watazamaji hakuna kusimama upande wa nje wa kona, hata shemeji mwenye shamba.

Swali: Habari fundi, Mark II GX90 otomatiki inaweza kucheza vumbi? Yangu breki ya kuegeshea ni ya kukanyaga kwa mguu, sina hendibreki ya kuvuta.
*Mama wawili, Usa River*

Jibu: Inaweza dada yangu, ila ni nzito na gia boksi itachemka. Weka kwenye 2 uiache hapo, na uifungie rejeta ndogo ya oili ya gia mbele. Hendibreki wala huihitaji, ukikaribia kona achia mafuta ghafla huku unageuza usukani, uzito unahamia mbele na nyuma inakuwa nyepesi inakuja yenyewe, hapo ndo unarudisha mafuta taratibu. Mume anajua lakini?

Swali: Datsun 1200 pikapu yangu inazima kwenye kona ndefu ya kushoto tu, ikinyooka inawaka. Plagi mpya, pampu mpya.
*Mbeya*

Jibu: Umenunua pampu bure. Kwenye kona ndefu petroli yote kwenye bakuli la kabureta inakimbilia upande mmoja, jeti inabaki inanyonya hewa. Fungua upime kimo cha floti, lile boya la ndani ya bakuli, pandisha kidogo kidogo, ukizidisha itaanza kumwaga kona ya kulia. Ukiwa umefungua osha na vumbi lililoko humo ndani, na ea klina ivalishe soksi ndefu ya kike iliyopakwa oili kidogo, unaifua kila jioni.

Swali: Fundi, ng'ombe wa jirani wanapita kwenye njia yetu.
*Msomaji yule yule, Babati*

Jibu: Jenga uzio kabla ya keji.