Kulirudisha Datsun la rali barabarani: yaliyonipata hapa Mtwara

Siku ya kwanza niliyolitoa gari lile, lilirudi nyumbani Shangani likivutwa kwa kamba na kirikuu cha muuza samaki. Datsun 240Z, jamani! Aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Pale Mikindani vijana wa barazani walisimama kuliangalia likipita nyuma ya ndoo za changu, na mmoja akanipigia saluti.

Kilichonikwamisha ni sponji. Tangi la mafuta la gari la mashindano hujazwa sponji maalumu ili petroli isicheze cheze na isimwagike ovyo gari likipinduka. Sponji hilo lina umri wake. Likizeeka linakatika makombo laini kama pumba, na makombo yanakwenda moja kwa moja kwenye chujio, kisha kwenye kabureta. Nilisafisha chujio mara tatu njiani bila kujua kwamba mgonjwa yuko nyuma. Kama umenunua gari lililokuwa la rali, fungua tangi kabla hujafungua kitu kingine chochote. Mimi nililiondoa lote nikarudisha tangi la bati la kawaida.

Fundi wangu ni mtu mzima wa Chikongola, namwita Mjomba. Alilizunguka gari lote kimya, akachungulia chini, akaniuliza, "Mwanangu, hili lilikuwa na watu wanalisubiri huko mbele na spana mkononi. Wewe huko mbele unasubiriwa na nani?" Tangu hapo kila kifaa tulikipitisha kwenye swali hilo.

Lakini kabla ya spana, kuna karatasi. Aliyeniuzia aliapa kwamba gari langu lilikimbia Safari yenyewe. Sikuona ushahidi wowote, na wewe usilipie hadithi. Angalia namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini: 240Z za usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani zinaanzia na HS30, na HLS30 ni za usukani wa kushoto. Kisha soma namba kwenye bloku ya injini. Injini ya asili ni L24, yaani 2,393 cc, ila watu wa mashindano hupenda kuweka L28 ya 280Z kwa sababu inaingia bila ugomvi. Kama kadi ya gari inasema hivi na bloku inasema vile, nenda TRA, mamlaka ya mapato, ulimalize mapema. Trafiki akifungua boneti pale Mingoyo, hatasikiliza historia ya rali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lingeweza kuniua, na sijaona watu wakilisema vya kutosha.

Baada ya tangi, niliondoka na mama watoto kwenda Lindi. Hatujafika mbali kichwa kikaanza kuuma. Mwenzangu akawa anasinzia, na yeye si mtu wa kulala garini. Nilifungua vioo tupate hewa, hali ikazidi. Tulisimama chini ya mkorosho, tukakaa karibu saa nzima, ndipo akili ikarudi. Ulikuwa moshi wa eksozi.

Umbo la 240Z linafanya hewa nyuma ya gari izunguke na kurudi kwenye mlango wa nyuma. Bomba la moshi liko palepale chini. Ukifungua vioo, hewa ya ndani inavutwa nje, na nafasi yake inajazwa na ile inayopenya nyuma, ikiwa na moshi. Gari zima lina mipira ya kuzuia hilo: mpira wa mlango wa nyuma, mipira ya taa za nyuma, vizibo vya matundu ya nyaya. Watu wa mashindano walikuwa wamevua karibu yote ili gari liwe jepesi. Dereva wa rali ana kofia, ana haraka, na mambo yake yanaisha jioni. Wewe umebeba familia, na kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu ya kukuonya.

Dawa yake haikuwa ghali. Usiku nilimwingiza mwanangu ndani na tochi, nikazunguka nje gizani nikitia alama ya chaki kila palipovuja mwanga. Tulipata matundu 11. Tuliyaziba yote, tukaweka mpira mpya wa mlango, na bomba la moshi tukalirefusha litokeze nje ya bampa. Tulipokwenda tena Lindi, mama watoto aliongea njia nzima.

Breki nazo zina hila. Pedi za mashindano zinataka joto ndipo zishike. Asubuhi, gari likiwa baridi, mwendesha bodaboda akikukata mbele ya soko, unakanyaga na gari linaendelea kwenda kana kwamba halijakusikia. Weka pedi za kawaida. Halafu breki ya mkono: yangu ilikuwa ya mafuta, ile ya kuvuta ili gari ligeuze mkia kwenye kona. Haikutengenezwa kushikilia gari lililoegeshwa, maana presha inashuka polepole. Niliegesha kwenye mteremko karibu na Boma la Mikindani, tukaenda kunywa chai, na mwanangu ndiye aliyesema, "Baba, gari linaondoka." Lilisimama kwenye mchongoma. Wiki hiyohiyo tulirudisha breki ya waya.

Keji ya mabomba iliniuma kuitoa, nakiri. Gari lilipendeza nayo. Lakini bomba la chuma linalopita karibu na kichwa ni ulinzi kwa mtu aliyevaa helmeti na kufungwa mikanda ya mabega. Kwa mtu mwenye kipara kama mimi na mkanda wa kawaida, ajali ndogo tu inatosha kukigonga kichwa kwenye chuma. Kama lazima uibakize, acha ile ya nyuma ya viti tu.

Injini tuliigusa kidogo. Kamshafti ya mashindano, yaani ule mhimili unaofungua valvu, ilikuwa haitaki mwendo wa taratibu: gari likiwa silensa, injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, linatetemeka kama lina homa, na nguvu inakuja juu kabisa ambako mjini hufiki. Tulirudisha kamshafti ya kawaida na kabureta mbili za Hitachi. Kwa kamshafti hiyo, nafasi ya valvu inapimwa injini ikiwa baridi: 0.20 mm za kuingiza na 0.25 mm za kutolea. Ukibaki na kamshafti ya mashindano, vipimo hivyo si vyake, usivitumie.

Watu huniuliza spea napata wapi. Jibu linawashangaza: vijijini. L24 ni ndugu wa L16 iliyokuwa kwenye Datsun 1600 na pikapu zake, mwenye silinda mbili za ziada. Upana wa silinda ni uleule, 83 mm, na mwendo wa pistoni ni uleule, 73.7 mm. Roka za valvu nilizitoa kwenye pikapu iliyokuwa imegeuzwa banda la kuku njia ya Newala. Kuku walihamishwa kwa heshima.

Difu iliyochomelewa, ile inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke sawa hata kwenye kona, toa, hakuna mjadala. Vioo vya plastiki pia. Mchanga wetu utavikwaruza hadi usione.

Kutu ndiyo vita isiyoisha ukikaa karibu na bahari kama mimi. Gari la mashindano huvuliwa mazulia na lami ya sakafuni, bati likabaki uchi, na upepo wa chumvi unaliona. Kwenye 240Z chunguza sakafu, reli za chini yake, sehemu ya betri, na matao ya magurudumu ya nyuma. Gonga kwa bisibisi. Ikizama, hapo ni rangi tupu. Tulikata, tukachomelea bati jipya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kitu kingine. Kila nikitoka ufukweni Msimbati naliosha chini kwa maji baridi ya bomba. Na usilifunike kwa turubai la nailoni, linafuga unyevu. Kivuli na upepo vinatosha.

Vyote nilivyotoa nimevihifadhi, kila kimoja na karatasi yake: kimetoka wapi, bolti zake ngapi. Atakayelinunua baada yangu huenda akataka kulirudisha lilivyokuwa, na ni haki yake. Isipokuwa keji. Niliisimamisha nyuma ya nyumba nikisema ni kwa muda, na sasa pasheni za mama watoto zimeipanda hadi juu, nimepigwa marufuku kuigusa.