Alama za AP: zipi zitajwe, ipi iachwe

Ndugu yangu, umeuliza kama binti yako, aliyefanya mitihani ya AP (ya masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari, yenye alama za 1 hadi 5, 5 ikiwa ya juu) na kupata 5 katika kalkulasi, 4 katika biolojia na 2 katika historia ya Marekani, azitaje alama zote anapoomba vyuo vya huko Marekani. Ushauri wangu ni kwamba aandike 5 na 4, na ile 2 aiache, kwa kuwa fomu ya Common App, ile ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, humwachia mwombaji achague alama za AP atakazojaza, na kuiacha moja si udanganyifu. Somo la historia litaonekana hata hivyo katika rekodi ya shule, na gredi nzuri ya mwaka mzima itamsemea.

Hata hivyo, asome kwanza masharti ya kila chuo, maana Yale, kwa mfano, ilipoanza kukubali AP badala ya SAT, mtihani wa jumla wa kuombea vyuo, mwaka 2024, ilimtaka anayechagua njia hiyo aonyeshe matokeo ya mitihani yake yote. Ripoti rasmi ya College Board, shirika linalotunga mitihani ya AP, ambayo hubeba alama zote isipokuwa iliyoombewa kuzuiwa, kwa kawaida husubiri hadi akubaliwe, chuo kinapoamua masomo ya kumsamehe, kwa hiyo msiharakishe kuilipia.